Polisi wamefunga faili, chuo ndo kwanza kinaanza. Hii imekaaje?

Kaka Mkubwa:

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo hasa kwa waliowahi kukaa kwenye kamati za nidhamu za vyuo, au walioitwa huko wakarudi salama.

Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu. Kulitokea ugomvi usiku kwenye nyumba waliyopanga wanafunzi, nje ya chuo kabisa, sio hosteli. Mmoja wao akapasuka juu ya jicho, polisi wakaitwa, wakachukua maelezo, baadae wazazi wa pande zote wakakaa wakamalizana na yule aliyeumia akasema hataki kuendelea. Faili likafungwa. Tukashukuru Mungu tukajua yameisha.

Kumbe wapi. Kapewa barua toka ofisi ya mlezi wa wanafunzi, amesimamishwa masomo kupisha uchunguzi, asionekane eneo la chuo, na aandike maelezo ndani ya siku saba kwanini asichukuliwe hatua kwa kwenda kinyume na maadili ya mwanafunzi. Basi, imeishia hapo. Haisemi kafanya nini, lini, kwa nani, wala nani kalalamika. Na mitihani ndo hiyo inabisha hodi.

Sasa naombeni mnieleweshe, kama polisi wameachia chuo kinapata wapi nguvu ya kuanza upya? Na mambo ya nje ya geti yanawahusu nini? Afu kinachonikera kuliko vyote, huyo mlezi aliyesaini barua nasikia ndo anayechunguza na ndo huyohuyo anakaa kwenye kamati. Si ameshahukumiwa tayari hapo?

Ngoma Nzito:

Mkuu usijichoshe. Siku ya usajili wanafunzi wote wanasaini fomu kwamba watafuata kanuni, hakuna anayesoma, wanasaini huku wanawahi foleni ya vyumba. Ameshasaini, chuo ni chao. Mwambie aandike barua ya kuomba radhi, apige magoti, maisha yaendelee. Ukianza kushindana na chuo kwa sheria unaweza ukashinda, ila utashinda wenzake wakiwa wameshaajiriwa.

Hati na Muhuri:

Ngoma Nzito hilo la muda umesema kweli, la magoti hapana, nitalirudia.

Kaka Mkubwa, hili la polisi wengi wanalikosea. Polisi na chuo hawaulizi swali moja. Polisi anatafuta kama kuna jinai inayoweza kuthibitishwa mahakamani bila kuacha shaka yoyote ya maana, chuo kinauliza huyu mwanafunzi wetu kavunja kanuni zetu au hajavunja, na vyuo vingi kipimo chao ni kipi kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli, basi, kikizidi kidogo tu upande mmoja inatosha. Ndo maana mtu anaweza kushinda kesi mahakamani kabisa na chuo kikamfukuza na sheria isione ajabu yoyote. Na dogo wako hata hakushinda kitu, mlalamikaji alijitoa tu. Faili kufungwa kwa sababu mtu hataki kuendelea sio sawasawa na kusema tukio halikuwepo. Kwahiyo hoja ya "polisi walishamaliza" msiende nayo mbele ya kamati kama hoja yenu kuu, mtapoteza muda wenu mzuri.

Nje ya geti inategemea kanuni zimeandikwaje. Zamani chuo kilijihesabu mzazi. Kuna kesi ya mwaka 1913 kule Kentucky, Marekani, chuo cha Berea kilipiga marufuku wanafunzi wake kula kwenye migahawa ya nje, jirani mwenye mgahawa biashara ikadorora akaenda kushtaki, mahakama ikamjibu kwamba chuo kimesimama mahali pa wazazi, wakiona vema kukataza wanakataza. Mwenye mgahawa akarudi nyumbani mikono mitupu. Leo mwanafunzi anahesabika mtu mzima na hiyo hoja ya uzazi imekufa kwa sehemu kubwa, ila chuo bado kinaweza kukufuata nje kama kanuni zinasema hivo na kama kuna uhusiano wa kueleweka kati ya tukio na chuo. Aliyeumizwa ni mwanafunzi mwenzenu, au mlikuwa kwenye safari ya masomo, au kuna hatari kwa watu mtakaokaa nao darasa moja. Aliyepasuka jicho ni mwanafunzi? Kama ndio basi uhusiano upo, pole, hapo hamtoki.

Sehemu ya kusimama ni barua yenyewe, na huyo mlezi.

Barua isiyosema umefanya nini haijibiki. Hili lilishapiganiwa zamani. Mwaka 1960 kule Montgomery, Alabama, wanafunzi weusi wa chuo cha serikali waliingia kwenye mgahawa uliokuwa chini ya jengo la mahakama wakaomba kuhudumiwa kama wazungu, wakakataliwa, na baada ya hapo tisa kati yao wakafukuzwa chuo kwa barua tu, hakuna kusikilizwa, na barua zenyewe hazikueleza wazi wanafukuzwa kwa kosa gani hasa. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema hapana, chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu bila kumpa taarifa ya tuhuma mahususi na nafasi ya kujitetea, tena ajue majina ya mashahidi dhidi yake na walichosema. Ndo kesi ya Dixon, jina la mmoja wa wanafunzi hao. Ni ya Marekani na ya vyuo vya umma, haifungi dunia nzima, ila wazo lenyewe utalikuta karibu kila nchi kwa jina la haki ya asili.

Na ni wazo la zamani kweli. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walimvua Richard Bentley shahada zake zote, na huyo alikuwa msomi mkubwa sio mwanafunzi, bila kumsikiliza. Akaenda mahakamani, 1723 ikaamriwa arudishiwe, na jaji mmoja akasema hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza. Sasa mlezi wa wanafunzi yeye ni nani?

Dogo aandike barua fupi ya heshima, aombe aelezwe tarehe, mahali, kitendo anachotuhumiwa, kifungu cha kanuni, na nakala ya ushahidi, na aombe zile siku saba zianze kuhesabiwa akishapewa hayo. Na humohumo aombe mlezi asikae kwenye kamati kwa sababu ndo mchunguzi. Aliweke hilo sasa hivi. Ukikaa kimya ukaja kulilalamikia baada ya kupigwa adhabu utaambiwa ulikubali.

Chaki:

Mimi ni mwalimu wa chuo, nimekaa kwenye hizi kamati miaka mingi, na niseme mapema kwamba sizipendi. Unatolewa darasani unakalishwa meza moja na watu ambao hamkubaliani hata ratiba, unapewa faili asubuhi, mwanafunzi anaingia anatetemeka au anaingia na kiburi, na mchana mnatakiwa muwe na jibu kuhusu maisha ya mtu. Wengi wetu sio wanasheria, kuna mhandisi, kuna mtu wa botania, kuna mwakilishi wa wanafunzi ambaye mara nyingi ndo mkali kuliko wazee wote (sijui kwanini, nimeliona mara nyingi mno).

Aliyosema Hati na Muhuri ni sahihi ila naogopa mtayachukua mkaja na mdomo. Mwanafunzi anayekuja na hoja za kiutaratibu tupu, kifungu hiki kifungu kile, halafu hasemi neno moja kuhusu yule mwenzake aliyepasuka, anatufanya tujiulize kama anaelewa kilichotokea. Utaratibu upiganiwe kwenye barua, kabla. Siku ya kikao uongee kuhusu tukio.

Na uongo ndo unaozamisha wengi. Nimeona kosa la onyo la maandishi linageuka kusimamishwa mwaka mzima kwa sababu mtu alikana mbele yetu halafu zikaletwa skrinshoti za grupu lao anajisifia. Kumbukeni haya magrupu yana watu themanini na mmoja wao siku zote hakupendi.

Kuhusu kusimamishwa kupisha uchunguzi, kaka hapo mna hoja nzuri kuliko mnavyodhani. Hiyo kwa asili yake sio adhabu, ni tahadhari, na tahadhari inatakiwa ilingane na hatari. Kama hatari ni wawili hawa kukutana, basi wapangwe wasikutane, apigwe marufuku kumsogelea mwenzake, afanyie mtihani chumba kingine akitoka aondoke. Kumfungia mtu geti kipindi cha mitihani kwa tuhuma ambayo bado hamjaithibitisha, akija kuonekana hana hatia mwaka umeshaenda, nani anamrudishia? Aandike aombe hilo tu, kwa barua ya peke yake, asilichanganye na utetezi. Mimi nimewahi kupitisha maombi ya hivo zaidi ya mara moja na hakuna chuo kilichoanguka.

Ngoma Nzito:

Mwalimu kumbe nyie ndo mnatunyoosha halafu mnakuja humu kulialia 😂

Ila bora siku hizi kuna barua. Pale Heidelberg Ujerumani chuo kilikuwa na jela yake kabisa, hadi 1914 bado inatumika, mwanafunzi akilewa akipiga kelele usiku akisumbua raia anafungwa na chuo sio na polisi. Na walikuwa wanaruhusiwa kutoka kwenda kipindi wakimaliza wanarudi ndani. Wakaigeuza sifa, wakachora kuta zote, mtu alikuwa anaona ukimaliza chuo hujawahi kulala mule hujasoma. Mpaka leo watu wanalipa kiingilio kuangalia michoro.

Chaki:

Angalau hao walikuwa wanaenda kipindi. Ndo ninachokisema.

Dada wa Maktaba:

Samahani naingilia. Nimesoma mpaka hapa na hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo aliyepasuka jicho anaendeleaje.

Mimi nilikuwa upande wa pili. Nikiwa chuo nilipeleka malalamiko juu ya mwanafunzi mwenzangu, sitaeleza ni nini. Niliandika maelezo, nikaitwa nikarudia mdomoni, nikaitwa tena mbele ya watu wengine nikarudia, halafu kimya. Nilipouliza imefikia wapi nikaambiwa ni siri ya mtuhumiwa. Nikamuona tu siku moja amekaa mstari wa mbele yangu darasani, ndo nikajua imeisha. Sikuambiwa iliishaje hadi nahitimu. Kwahiyo mkisema "wazazi wakakaa wakamalizana" mimi nasikia kitu kingine, nasikia kijana amekalishwa na wazee wa pande mbili akaambiwa yaishe usituvurugie. Anaweza akawa yeye mwenyewe ndo kaenda chuo kwa sababu huko kwingine hakupewa nafasi ya kusema hapana.

Na hili la kuachia polisi limeshaleta madhara. Vyuo vya Uingereza tangu 1994 vilikuwa vinafuata mwongozo uliosema makosa mazito ya jinai yaachwe kwa polisi kwanza, chuo kisijiingize. Matokeo yake aliyeumizwa asipotaka kwenda polisi alikuwa kama hajaumizwa, chuo kinamwangalia tu, wanaendelea kupishana na mtu wake kwenye korido. Ulikuja kubadilishwa 2016. Kwahiyo kaka, chuo kuwa na mamlaka yake pembeni ya polisi sio uonevu moja kwa moja. Kuna watu ndo kimbilio lao pekee.

Kaka Mkubwa:

Dada umenigusa, na ni kweli sikuandika. Kijana alishonwa, jicho lenyewe zima, anaendelea na masomo. Ni mwanafunzi ndio, wanasoma kozi moja na dogo. Kama ni yeye aliyepeleka chuo sijui, barua haisemi, ndo shida yenyewe.

Mwalimu, Hati na Muhuri, nawashukuru sana. Nimeongea na dogo. Anasema alimsukuma, kwenye kusukumwa ndo akaangukia kona ya meza, hakumpiga ngumi wala chupa kama inavyosemwa. Na kuna mtu wa ofisi hiyohiyo amemshauri kwa roho nzuri tu aandike barua ya kuomba radhi haraka ili kamati imuonee huruma, na yeye anataka kuandika leo usiku. Aandike?

Hati na Muhuri:

ASIANDIKE LEO USIKU. Hapa ndo nilisema nitarudi kwenye magoti.

Barua ya kuomba radhi ikishaingia kwenye faili haisomwi kama radhi, inasomwa kama kukiri. Na atakuwa amekiri nini wakati bado hajaambiwa anatuhumiwa nini? Ataandika "naomba radhi kwa tukio la usiku ule", kumbe kwenye faili tukio la usiku ule ni kumpiga mtu chupa. Kesho kamati inasema mbona ulishakubali. Kusukuma na kupiga chupa adhabu zake hazifanani hata kidogo, moja unaweza kupata onyo na nyingine unafukuzwa.

Asubiri tuhuma zije kamili, akishazipata aseme ukweli kama alivyokuambia wewe, nilimsukuma, akaangukia meza, sikumpiga chupa, najutia kumsukuma. Hapo ameomba radhi kwa alichofanya na amekana ambacho hakufanya, kwenye karatasi moja.

La chupa je, nani anasema? Huyo shahidi dogo aombe kumuuliza maswali, yeye mwenyewe au kupitia mwenyekiti. AOMBE, kwa maandishi. Kuna kesi ya Chuo Kikuu cha Ceylon (Sri Lanka ya leo) iliamuliwa 1960, mwanafunzi alituhumiwa kwamba aliijua sehemu ya mtihani kabla ya kuufanya, shahidi mkuu alikuwa mwanafunzi mwenzake, akahojiwa mtuhumiwa akiwa hayupo. Akalalamika mpaka Baraza la Faragha kule London, ndo lilikuwa mahakama yao ya mwisho ya rufaa enzi hizo. Walimjibu kwamba kama angeomba kumhoji yule shahidi akanyimwa wangekuwa na cha kuzungumza, lakini hakuomba. Akashindwa hivohivo.

Na ili mjue utaratibu peke yake hautoshi, kuna ya Keele, Uingereza, 1971. Mwanafunzi aliota jua uchi kwenye eneo la chuo, mkuu wa chuo akamtoza faini na kumtoa kwenye makazi ya chuo bila kumsikiliza. Jaji akakubali kabisa kwamba alitakiwa kusikilizwa, halafu akakataa kumsaidia, kwa sababu kitendo hakikuwa na ubishi na adhabu ilistahili. Kwahiyo mkiwa na hoja ya utaratibu lakini ukweli wa tukio uko dhidi yenu asilimia zote msitegemee miujiza. Bahati yenu nyie ukweli wenyewe una ubishi.

Ngoma Nzito:

Basi nafuta magoti. Lakini la muda nabaki nalo.

Chaki:

Na uko sahihi kubaki nalo. Mahakama nyingi nazo zinataka umalize kwanza ngazi za chuo, kamati, rufaa, seneti au baraza, ndo uende kwao, kwahiyo mnakuwa mnahangaika miezi na miezi. Nchi chache zina mtu wa kati wa kupokea malalamiko ya wanafunzi baada ya chuo kumaliza, Uingereza wanacho chombo hicho kisheria tangu sheria yao ya 2004, na ni bure kwa mwanafunzi. Hakibadilishi alama wala hakiamui nani mkweli, kinaangalia chuo kilifuata kanuni zake na kilitenda haki au la. Ningependa kila mahali wawe nacho, na nasema hivo nikiwa upande wa chuo.

Dada wa Maktaba, ulichoandika nimekisoma mara mbili. Kumwambia mlalamikaji "ni siri" ni uvivu wetu. Kuna namna ya kumjulisha kwamba shauri limekwisha na ni hatua zipi zinamlinda yeye, bila kufungua faili zima la mwenzake. Hatufanyi kwa sababu hakuna anayetusimamia tufanye.

Dada wa Maktaba:

Asante mwalimu. Kaka Mkubwa, nakuomba kitu kimoja, dogo asimtafute huyo kijana "kuyaweka sawa" kabla ya kikao. Wala wewe, wala wazazi. Hata kwa nia njema. Mimi nilitumiwa ndugu wa yule niliyemlalamikia, sikulala.

Hati na Muhuri:

Naunga mkono, na hata kwa kesi yenu ni hatari, litaandikwa kwamba anamtisha shahidi na hilo ni kosa jipya linalojitegemea.

Kaka Mkubwa:

Nimeelewa, na mama nimeshampigia maana alikuwa anajiandaa kwenda kwao kesho na matunda. La mwisho, siku ya kikao naruhusiwa kuingia nae?

Chaki:

Soma kanuni. Vyuo vingi vinaruhusu mtu mmoja wa kumsindikiza, mara nyingi anatakiwa awe mwanafunzi mwenzake, mwalimu au mtu wa serikali ya wanafunzi, ndugu na wakili inategemea. Msindikizaji kwa kawaida haongei badala yake, anaandika tu na kumnong'oneza. Ukikataliwa kuingia usigombane mlangoni, mtafutieni mwalimu anayemfahamu vizuri, na huyo msindikizaji aandike kila kitu maana muhtasari rasmi unaandikwa na katibu wa kamati na nimeona mihutasari ambayo mimi mwenyewe niliyekuwepo sikuutambua mkutano.

Hati na Muhuri:

Na angalieni kifungu cha rufaa sasa hivi kabla hata ya kikao. Kuna sehemu siku za kukata rufaa zinahesabiwa toka tarehe iliyoandikwa kwenye barua, sio siku aliyoipokea, na barua inaweza kukaa mezani kwa mtu wiki nzima. Akiipokea asaini na aandike tarehe na saa pembeni ya saini, kwenye nakala zote mbili.